Nafasi Namba Saba: Miaka Arobaini na Mmoja ya Doña Ninfa Callisaya

Jumamosi ya tarehe 31 Agosti 2024, Doña Ninfa Callisaya Tarqui anastaafu rasmi baada ya miaka arobaini na mmoja ya kupiga picha za magari yanayobarikiwa mbele ya kanisa letu la Copacabana. Daftari lake linaonyesha magari elfu sitini na mbili na ushei, bila kuhesabu pikipiki, matrekta, na toroli moja la aiskrimu ambalo mwenyewe aliapa kuwa nalo ni gari kwa sababu lina magurudumu na lina deni la shukrani kwa Bikira.

Anayeandika haya ni Fortunato Sirpa, katibu wa chama chetu cha wapiga picha wa uwanja wa kanisa. Nafasi yangu ni namba nane, yake namba saba. Nimesimama kushoto kwake miaka yote hiyo, nikimwona akisukuma kofia yake ya duara nyuma ya kisogo kila anapoinua kamera. Madereva wanaijua ishara hiyo. Kofia ikirudi nyuma, wanabana pumzi.

Angepumzika tangu miaka mitatu iliyopita, daktari alipomwambia magoti yake yamechoka kusimama juu ya mawe. Alikataa kwa sababu moja tu, nayo wanachama wote tunaijua. Nafasi zetu ishirini na moja hurithiwa na mtoto wa mwanachama, na ikikosa mrithi hugombewa kwa kura na jamaa za wanachama wengine. Mwanawe wa pekee, Wilson, anang'oa meno Cochabamba na hana haja na kamera. Doña Ninfa alitaka nafasi yake imwendee Delfina Poma, mfanyakazi wa studio yake kwa miaka kumi na saba, ambaye si ndugu yake hata wa mbali. Bila nafasi uwanjani, Delfina hana kazi na studio haina roho. Chama kiligawanyika, na nakiri kwamba mpwa wangu Rolando alikuwa ameshaanza kuchagua mahali pa kuweka kiti chake.

Doña Ninfa hakuzaliwa na kamera mkononi. Akiwa na miaka kumi na tisa alikuwa akifunga mashada ya maua ya kuvalisha magari. Don Eleuterio Choque, mwenye nafasi namba saba wakati huo, alikuwa mzee asiye na mtoto na mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Alimfundisha kuingiza filamu kwa kupapasa, na kusafisha picha katika jiko lililozibwa mwanga kwa mablanketi. Alipoacha kazi mwaka 1983 alimwachia kamera, na binti akaja mkutanoni kuomba nafasi.

Tulicheka, tena kwa sauti. Mzee mmoja akamwambia, "Binti, wewe shika maua, picha tuachie wanaume." Naye akamjibu bila kupepesa, "Maua mnayopiga picha kila siku ni yangu, Don. Nusu ya kazi yenu nimeshaifanya mimi." Alipata nafasi ile kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Pale jua humpiga mpiga picha machoni mpaka saa sita mchana. Alipewa mwaka mmoja wa majaribio, na sharti kwamba likija lalamiko moja lisilotatuliwa, atarudi kwenye maua yake.

Na lalamiko katika kazi yetu si jambo dogo. Dereva haji hapa kutafuta picha ya gari. Gari analo. Anatafuta picha ya maji, yaani ile sekunde padre anaporusha maji ya baraka na bado yako hewani juu ya boneti. Ukiwahi, umepiga picha ya padre anayepunga mkono. Ukichelewa, umepiga gari lililolowa. Picha ikipatikana, hutundikwa juu ya usukani, na kuna akina mama hawampandishi mtoto garini kabla hawajaiona. Doña Ninfa ndiye aliyegundua kwamba jua lile tulilolikimbia, likipenya kwenye maji, kila tone huwaka. Ndani ya miezi sita nafasi mbovu kuliko zote ikawa nafasi ya kuonewa wivu.

Kisha likaja Juma Kuu la mwaka 1984. Siku moja yalibarikiwa malori mawili mapya ya buluu, ndugu wa tumbo moja, yaliyonunuliwa kwenye yadi moja na bado hayana namba. Moja lilikuwa la Don Severo Ticona wa Challapata, mbeba chumvi. La pili lilikuwa la Don Gumercindo Apaza wa Caranavi, mbeba machungwa. Wote wawili walikuwa wamelowa bia waliyomwagia magurudumu, kama ilivyo desturi ya siku ya baraka, wakaona aibu kuingia kwenye picha. Zikapigwa picha za lori, padre na maji, basi. Katika msongamano wa siku ile Doña Ninfa akampa kila mmoja picha ya mwenzake.

Aliyegundua ni mke wa Don Severo, Doña Petrona, wiki tano baadaye. Lori lao lilipambwa kwa mwanakondoo wa sufi juu ya boneti, lakini picha ilikuwa na kishada cha machungwa. Kufikia hapo lori lilikuwa limeshaharibika giaboksi na kupasuka matairi matatu. Alipanda basi hadi hapa na kusimama katikati ya mkutano wetu. "Baraka zetu ziko Caranavi zinabeba machungwa," alisema, "na sisi tumebaki na chuma." Chama kikaamua: kila picha irudi kwa lori lake kabla ya mkutano wa mwisho wa Julai, la sivyo namba saba ipigiwe kura.

Doña Ninfa alifunga safari ya siku mbili hadi Caranavi. Don Gumercindo alimkaribisha vizuri, akamlisha vizuri, akamkatalia vizuri. "Mama, barabara hii tangu Pasaka imemeza magari manne. Langu halijachubuka hata rangi. Picha hii haitoki humu, hata aje askofu." Siku ya pili, hapana. Siku ya tatu alikuwa jikoni akimenya viazi na mke wa Don Gumercindo, akiwa amekata tamaa kabisa, kama alivyonisimulia mwenyewe. Ndipo mama yule akamwuliza kwa nini anataka kumnyang'anya mtu baraka badala ya kuongeza nyingine. Doña Ninfa akaweka kisu chini. Akaenda kumwambia Don Gumercindo, "Sawa, picha isitoke kwenye lori. Basi lori lije na picha yake."

Asubuhi ya mkutano malori yote mawili yaliingia uwanjani. Aliyapanga boneti kwa boneti, yakikaribia kubusiana, mwanakondoo huku, machungwa kule. Padre alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akarusha maji mara moja, kwa nguvu, yakavuka juu ya yote mawili. Kofia ilikuwa imesharudi nyuma. Picha ile moja, yenye malori mawili chini ya mkupuo mmoja wa maji, ilisafishwa nakala mbili, na hakukuwa tena na cha mwenzako wala cha kwangu. Doña Petrona aliibusu kabla haijakauka vizuri, na mpaka leo ina alama ya mdomo wake.

Mkutano ulipiga kura. Kumi na mmoja walitaka abaki, kumi walikataa. Mmoja wa wale kumi alikuwa mimi. Nilisema mkosaji akisamehewa, kazi itaharibika. Ninaliandika hili hapa kwa sababu yeye hakuwahi kunikumbusha, na mtu aliyesamehewa kimya kimya ana haja ya kukiri kwa sauti.

Kosa lile ndilo lililomjengea biashara. Watu wa chumvi na watu wa machungwa ni wasafiri, na msafiri ana mdomo. Mwaka uliofuata ilikuja kampuni nzima ya mabasi kutoka Oruro kutaka picha ya mabasi kumi na manne chini ya maji mamoja. Alipanda juu ya paa la duka la mishumaa kuipiga. Wakafuata wenye teksi wa El Alto, kisha wenye malori ya mbao. Mwaka 1991 alifungua studio ya Foto Ninfa, ambayo leo ina wafanyakazi sita, na ana mwiko mmoja anaousimamia kwa ukali: hakuna picha inayopigwa kabla hujaandika daftarini rangi ya maua na kilichokaa juu ya boneti. Vijana hununa. Delfina peke yake ndiye aliyeongeza safu ya tatu, ya jina la anayelisubiri gari nyumbani.

Simu zilipoingia, wengi wetu tulidhani mkate umeanguka mchangani. Kila dereva alikuja na kamera yake mfukoni. Wenye nafasi tatu waliacha kazi, zikachukuliwa na wengine. Doña Ninfa alinunua mashine ya kuchapa, akawa anamkabidhi mteja picha yenye fremu kabla bia haijakauka kwenye tairi. Dereva mmoja alimwonyesha simu yake kwa majivuno, akisema ameshajipigia. "Hongera, mwanangu," akamwambia. "Sasa itundike juu ya usukani tuone." Kijana aliitazama simu, akaitazama nafasi iliyo wazi juu ya kioo, akapanga foleni.

Sasa nifike kwenye mkutano wa Julai mwaka huu, uliokuwa wa kuamua namba saba. Tulijiandaa kwa hotuba. Doña Ninfa hakuhutubia. Alitandaza mezani picha ishirini za maji, zote za mwaka huu, zote za pale pale namba saba, mbele hazina majina, na nyuma hatukuruhusiwa kutazama. "Kumi ni zangu, kumi ni za Delfina," alisema. "Chagueni zangu. Mkizijua, mpeni nafasi mnayemtaka, nami sitasema neno."

Tuliinama juu ya meza kama wanunuzi wa viazi sokoni. Delfina alisimama mlangoni, mikono ndani ya shali, uso umemkauka. Mimi nilikuwa na uhakika. Nina miaka arobaini na sita katika kazi hii, na arobaini na mmoja kati ya hiyo nimemtazama mwanamke huyu akifanya kazi umbali wa hatua mbili. Niliinua picha ya basi dogo la kijani, maji yametawanyika juu yake kama nafaka iliyomwagwa, na nyuma ya kioo uso wa mama aliyefumba macho sekunde ile ile. Nikatangaza, "Hii ni ya Doña Ninfa. Nani mwingine angesubiri hivi?"

Doña Ninfa akaigeuza. Nyuma iliandikwa: Delfina Poma. Katika kumi nilizochagua, saba zilikuwa za Delfina. Wenzangu hawakufanya vizuri zaidi. Rolando aliweka picha zake chini na kuniangalia huku akicheka. "Mjomba, wewe miaka arobaini na sita hujaweza kuwatofautisha. Mimi nakwenda kusimama pale kufanya nini?" Akaondoa jina lake mwenyewe.

Kanuni ikabadilishwa pale pale: mwanachama anaweza kumwachia nafasi yule aliyemfundisha. Mikono ishirini na mmoja ilinyooshwa. Delfina alilia, mke wangu aliyeleta chai alilia, na mimi, sina sababu ya kuficha, nililia. Doña Ninfa hakulia. Alizikusanya picha moja moja, akazipanga kingo zake, akampa Delfina zote ishirini. Kisha akakaa kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza katika mikutano yote ile nikamwona akiegemea.

"Basi naweza kwenda," alisema.

Nenda, Doña Ninfa, na shukrani za chama kizima ziende nawe. Magoti yako yapate nafuu, siku zako ziwe nyingi na zenye amani, na asubuhi ulale mpaka utakapochoka kulala. Pale namba saba, mlangoni pa kanisa, pana mtu.