Mkebe wa Uyoga wa Marehemu Gershom Katana

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, majirani wa Chaani, wenzake marehemu wa kazini, na ndugu mliotoka Rabai, Miritini na Mjambere, wanaostahili shikamoo waipokee, na sote kwa jumla tupeane pole. Familia imenituma mimi Nguma, mdogo wake marehemu, niisome historia hii kama alivyoagiza mwenyewe, yaani yote, hata pale ambapo baadhi yenu mtatamani nikohoe kidogo na kuruka.

Marehemu Gershom Katana Kombe alizaliwa tarehe 14 Machi 1904 huko Rabai, akiwa mtoto wa pili wa mzee Kombe na mama Mbeyu, akimfuata kaka yetu mkubwa, Fondo, na mama alizoea kusema kwamba mtoto huyu hata titi alilinusa kwanza ndipo akanyonya, maneno ambayo sisi tuliyadhani mzaha mpaka tulipokaa naye nyumba moja.

Alisoma shule ya misheni hukohuko Rabai kuanzia mwaka 1913, akabatizwa Pasaka ya mwaka 1917, akaishia darasa la nne mwaka 1918 baba alipofariki. Mwaka 1922 aliteremka Mombasa, akapata kibarua bandarini, akapanga chumba hapa Chaani, na wenzake wa zamu wanamkumbuka kama mtu asiyeweza kuketi juu ya gunia kabla ya kulizunguka pande zote kuona limefungwa na nani. Tarehe 8 Agosti 1931 alifunga ndoa kanisani na Sidi binti Erastus, huyu mnayemwona hapa mbele, na Mungu akawajalia watoto watatu, Kefa aliyezaliwa mwaka 1932, Mbeyu, aliyepewa jina la bibi yake, aliyezaliwa mwaka 1936, na Milcah aliyezaliwa mwaka 1943.

Sasa nafika kwa Mbeyu, na naomba utulivu.

Jumamosi tarehe 18 Mei 1940, katika mvua za masika, marehemu alikwenda Miritini kumwamkia kaka yake Fondo, na mkewe Fondo, yaani shemeji yetu Kanze, akampa nusu ya kikapu cha uyoga alioung'oa asubuhi ile kwenye kichuguu cha nyuma ya nyumba yake, nusu nyingine akaibakiza kwa chakula chake na mumewe. Usiku ule hapa Chaani watu wanne walikula na wote wanne wakatapika, na Jumatatu tarehe 20 mtoto Mbeyu, mwenye miaka minne, akafariki, ilhali kule Miritini Fondo na Kanze walikula wakalala usingizi wao wakaamka wazima.

Hapo ndipo maneno yalipoanza, nanyi mnayajua kwa sababu wengi wenu mliyasema, kwamba vipi kikapu kimoja kiue huku na kishibishe kule, kwamba Kanze hana mtoto na amemwonea wivu mwenye watoto, kwamba mkono wake si mkono mzuri. Aliyeyasema kwa sauti kuliko wote alikuwa marehemu mwenyewe. Uyoga uliosalia jikoni aliuanika juani, akaufungia ndani ya mkebe wa chai, akaapa kwamba siku moja mkebe ule utamfunga Kanze. Fondo hakustahimili, akamrudisha mkewe kwao Mjambere baada ya ndoa ya miaka kumi na miwili, na Julai 1943 homa ikamchukua kaka yetu akiwa bado anaamini kwamba alioa muuaji.

Mwezi wa Februari 1942 marehemu aliacha bandari, akaajiriwa katika banda la utafiti la serikali lililowekwa Changamwe wakati wa vita, ambako Bwana mmoja mtaalamu alichunguza kuvu iliyokuwa ikiozesha mahindi na mahema ya jeshi. Watu walishangaa aache kazi yenye marupurupu aende kuosha vikombe vya kioo, lakini yeye hakufuata mshahara, alifuata namna ya kumkamata Kanze. Alijifunza kwamba wataalamu hawauamini uyoga kwa sura, kwa maana sura hudanganya, bali huugeuza wakatazama matamvua ya chini yake, huuchimbua waone kama una kikombe au mzizi mrefu, kisha hukikata kichwa na kukilaza juu ya karatasi, wakakifunikia bakuli, na kesho yake vumbi lililodondoka huwaonyesha rangi yake, jeupe, la waridi, la hudhurungi au jeusi. Ndipo huupa jina la Kilatini la maneno mawili, la kwanza la ukoo, la pili lake wenyewe, na jina hilo hufungamanishwa na kielelezo kimoja kilichokaushwa, kikahifadhiwa katika jumba kubwa ng'ambo, pamoja na kibandiko kinachoeleza kilichumwa wapi, lini na nani, ili yeyote atakayebisha, hata baada ya miaka mia, aende akakifungue.

Kazi ile ilimkaa kama kanzu iliyokatwa kwa kipimo chake. Jirani yetu Pascalia, ambaye leo amepika uji wa waombolezaji, asinikasirikie nikisema kwamba kila uyoga aliouleta kwa upendo ulilazwa chini ya bakuli hadi kesho yake, na marehemu akausifu utamu wake ukiwa umeshanyauka.

Mtauliza mbona mkebe haukufunguliwa mapema. Ni kwa sababu hata Bwana yule hakumwamini, alihofu ataubadilisha au ataupoteza, na kwa miaka minne aliulaza mvunguni mwa kitanda huku akijifunza, mpaka Novemba 1946, Bwana alipokuwa akifunga mizigo arudi kwao, ndipo akaupeleka. Bwana alichukua vipande, akaviweka chini ya hadubini, akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba humu mna uyoga wa koo mbili, mmoja wa kichuguu, wenye mbegu ndogo, ambao hauna neno, na mwingine wenye mbegu kubwa za ganda nene, ambao huota majanini, hudondosha vumbi la kijani, na ni mbaya. Akachukua kalamu aandike kibandiko, akauliza, "Huu mbaya ulichumwa wapi, na nani?"

Marehemu alifungua kinywa aseme Kanze, na jina halikutoka.

Alikumbuka kwamba jioni ile ya Mei, akirudi kwa miguu kando ya reli, aliona majanini pale Miritini mashina matatu makubwa meupe, akayang'oa, akayatupia kikapuni ili chakula kiongezeke, wala hakuliwaza tena jambo hilo, maana machoni pake uyoga ulikuwa uyoga. Kwa kuwa alikuwa mtu wa shaka, hakujiamini hata katika hilo, akarudi palepale wiki iyo hiyo, mvua za vuli zikiwa zimenyesha, akachuma, akalaza kichwa kimoja kwenye karatasi chini ya bakuli lake, na asubuhi vumbi lilikuwa la kijani. Basi alikwenda kumjibu Bwana, na kipande kile kikasafiri ng'ambo na kibandiko chake, Miritini, Mei 1940, kimechumwa na G. Katana, na kingalimo humo, na wengine huita hiyo heshima.

Alimweleza kwanza mkewe. Mama Kefa alikwenda kwao akakaa, kisha akarudi, na yaliyokuwa moyoni mwake si yangu kuyasoma. Kwa Kanze marehemu alijizungusha miezi mitano kwa aibu, mpaka Jumapili tarehe 4 Mei 1947 alipofika Mjambere, akasimama uani na mkebe mkononi, akasema yote bila kujipunguzia. Kanze hakulia wala hakumfukuza, aliingia jikoni, akatoka na sahani ya ugali na uyoga wa kichuguu, akaiweka mbele yake, akamwita shemeji kwa lugha ya kwetu, akasema, "Haya mlamu, kula ama wende zako, mvua yaja." Naye Gershom Katana, aliyefunikia bakuli kila kitu duniani, alinawa mikono akala yote papo hapo, na machozi yakimdondokea sahanini.

Tangu Januari 1949 alianza kukohoa, tarehe 22 Agosti akalazwa katika hospitali ya serikali kisiwani, na Alhamisi tarehe 8 Septemba 1949, alfajiri, akaaga dunia. Daktari ametuambia kwamba ni mapafu. Nasema hivi kwa sababu jana, hapahapa kwenye matanga, nimesikia mtu akimnong'oneza mwenziwe kwamba marehemu alikula kwa Kanze, nami namjua mtu huyo, na yeye anajua kwamba namjua. Sahani ile ililiwa miaka miwili na zaidi iliyopita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa banda la Changamwe waliochonga jeneza hili, Pascalia na majirani wote kwa maji, kuni na mikesha, na Mchungaji kwa kutotuacha peke yetu.

Mwisho ni agizo la marehemu. Naona Kanze ameketi kule nyuma penye ua, na mkeka wake umeachiwa nafasi pande zote, watu wazima mmebanana juani ili msiguse nguo yake. Dada Kanze, inuka uje mbele. Mama Kefa amesimama, anakungoja, na udongo wa kwanza juu ya Gershom utatoka mkononi mwako, kabla ya wangu, kabla ya wa wanawe, na hakuna atakayekitazama kiganja chako kwanza.

Gershom ndugu yetu, mkebe tumeufungua mbele ya watu wote, pumzika kwa amani.