Aliyetengewa Kikombe: Maximilian Lohay Gwandu, 1972–2025

Ndugu waombolezaji, viongozi wa dini na wa kijiji, na ninyi mliosimama kwenye uzio kwa mazoea: familia ya Gwandu inatangaza rasmi, kwa masikitiko makubwa na kwa sauti ya kufika Katesh, kwamba Maximilian Lohay Gwandu ameuawa na tetekuwanga. Ndiyo, tetekuwanga, ile ya watoto. Wenye maelezo mengine, ambayo wamekuwa nayo kwa miezi ishirini na miwili, wanaombwa kuyatua chini taratibu na kukaa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1972 hapa Nangwa, wilaya ya Hanang, mtoto wa nne wa Mzee Lohay Gwandu na Mama Konsolata. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1980 hadi 1986. Akiwa darasa la pili, tetekuwanga iliingia darasani ikapita dawati kwa dawati kama mkaguzi. Mama Konsolata alimpaka udongo mweupe mwili mzima, akafanana na ukuta wa kanisa, akakaa nyumbani wiki mbili akichunga ndama. Alipopona, kila mtu alijua yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Kirusi cha tetekuwanga hakihami. Kinajikunja kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu, kandokando ya uti wa mgongo, kinanyamaza. Marehemu aliishi na mpangaji huyo miaka arobaini na miwili bila habari zake.

Mwaka 1991 alianza kazi kwenye mashamba ya ngano upande wa Basotu, kwanza kama msaidizi wa fundi, kisha dereva wa kombaini. Hakuugua hata malaria ya maana. Siku moja mkubwa wake alikuta kisiwa cha ngano kimesimama katikati ya shamba lililokwishavunwa, akaja juu.

"Gwandu! Hiyo ngano imekukosea nini?"

"Haijakosea, mkuu. Kuna kware ameatamia mle."

"Sasa?"

"Sasa tunamsubiri, mkuu."

Walimsubiri. Marehemu alikatwa posho ya siku hiyo na hakulalamika.

Tarehe 24 Oktoba 1998 alifunga ndoa na Genoveva, binti wa Dongobesh. Msimamizi wake alikuwa Xavery, jirani na rafiki yake tangu utotoni, ambaye siku hiyo alilia kuliko bibi harusi. Mungu aliwajalia Violeth na Pascal.

Mwezi Juni 2023 aliamka na moto ubavuni. Baada ya siku mbili vikatoka vilengelenge, mstari mmoja kutoka mgongoni kuja kifuani, upande wa kulia tu. Mkanda wa jeshi. Nesi Juliana wa zahanati alimweleza vizuri: ni tetekuwanga ile ya zamani imeamka, inafuata njia ya mshipa, na inampata hata mtu mzima mwenye afya ya trekta. Akampima na virusi vingine, kwa utaratibu. Hana. Akampima Genoveva. Hana.

Kijiji hakikupima, kilishajua. Wengine walikuja kuuliza kama vichwa vya mkanda vimekutana, maana vikikutana, wanasema, mtu hafiki Jumapili. Walioambiwa havijakutana waliondoka wamenyong'onyea kidogo.

Hapo marehemu akafanya kosa la mtu mkweli: alikikunja kile cheti cha vipimo akakiweka mfuko wa shati, akawa anakionyesha. Alikionyesha kwenye kinu, mnadani, hata nje ya kanisa. Ikasemwa, mzima gani anatembea na karatasi ya kusema ni mzima?

Tarehe 15 Julai 2023, vidonda vikiwa vimekauka, alikwenda kwa Xavery kwenye ujima wa kuvuna maharage. Alivuna mistari yake akamaliza. Kazi ilipokwisha watu wakakaa kwenye nyasi, kibuyu cha pombe kikaanza kuzunguka, mdomo kwa mdomo, kama kilivyozunguka tangu enzi za babu zao. Kilipokaribia kwake, Xavery alisimama, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha plastiki cha bluu, kimejaa.

"Hiki cha nini?"

"Ni usafi tu, Max. Siku hizi kuna mambo."

"Mambo gani?"

"We kunywa, bwana. Usituharibie siku."

Kibuyu kikamruka. Marehemu alikunywa kikombe chake chote, polepole, asionekane amenuna. Akataka kukirudisha. Mke wa Xavery akamwambia, kwa upole kabisa, "Kaa nacho tu, shemeji."

Alitembea nacho mpaka nyumbani. Tangu siku hiyo marehemu alikuwa na ombi moja duniani, na hakumwambia mtu ila mkewe: kabla hajafa, mtu mmoja, asiye wa nyumba yake, anywe naye chombo kimoja.

Mwanzoni mwa Agosti miguu ilianza kufa ganzi, na ndani ya siku tano ikagoma kabisa. Kwenye hospitali kubwa madaktari walisema kirusi kimeingia kwenye uti wa mgongo wenyewe. Ni nadra, lakini hutokea. Dawa zilimrudishia kidole gumba cha mguu wa kushoto. Kijiji kikasema, si tulisema?

Kilichofuata ni kirefu na hakina matukio. Watu walipita, wakasalimia wakiwa kwenye uzio: "Unaendeleaje, mzee?" Yeye akajibu kutoka kitandani, "Naendelea," na walikuwa wameshaondoka. Alijua ng'ombe wa kila nyumba kwa kengele zake. Alihesabu mvua. Zubery, mwenye duka Katesh, ndiye pekee aliyeingia ndani na kukaa. Huyo angeshirikiana naye chombo chochote, ila dini yake haimruhusu pombe, na marehemu chai alikuwa haiwezi tena, inamtapisha, na maji, kwa hesabu yake, hayakuwa kinywaji. Wakabaki wanatazamana kwa upendo.

Vidonda vya kulala vilimdhoofisha, kisha mapafu yakajaa. Alifariki nyumbani kwake tarehe 6 Aprili 2025, saa tatu asubuhi, Genoveva akimpangusa uso.

Ameacha mjane, Bi Genoveva. Watoto wawili, Violeth na Pascal. Mjukuu mmoja, Doris. Na mama yake mzazi, Konsolata, mwenye miaka tisini, ambaye tangu aambiwe ni tetekuwanga anauliza kama mtoto ameacha kujikuna. Mungu amlaze kwa amani, wala asimtengee chombo.

Xavery ameomba yaandikwe na haya, na familia imekubali.

Tarehe 2 Aprili, mchana, alivuka uzio. Alikuwa na kibuyu. Aliingia mpaka chumbani, akakaa kitandani, akamnyanyua marehemu kichwa, akamnywesha. Kisha, bila kufuta mdomo wa kibuyu, akanywa yeye, mpaka koo likasikika. Genoveva alikuwa mlangoni na anashuhudia.

Ndipo Xavery akaanza kusema. Alisema karibu nusu saa. Alisema alikuwa mwoga. Alisema mkewe alimtisha, kisha akasema si mkewe, ni yeye. Alisema kila siku alifika kwenye uzio na miguu ikakataa, akaona ametaja miguu, akaomba radhi kwa hilo pia. Alilia kuliko siku ya harusi. Mwisho akamshika mkono marehemu, akamwambia, "Max, ndugu yangu, sema neno moja tu. Hata ukinilaani, sema."

Marehemu alitazama chini, kitandani.

"Umekalia mguu wangu," akasema. "Siusikii, lakini nauona."