Baba Aliyepewa Kengele

Ndugu zangu wa jumuiya, mnisamehe mwandiko mbaya na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na kalamu yangu hutembea polepole. Nimemwomba katibu awasomee, kwa sababu mbele ya watu wengi sauti bado inanikwama.

Nilisoma Njombe, katika shule iliyokuwa zamani ya watoto wa wazungu wa mashamba ya miwati, miti ya magome ya kulainishia ngozi. Baba alikuwa mpiga kengele pale. Kila asubuhi aliniambia, "Ukiulizwa, subiri wenye shule wajibu kwanza." Wazungu walikwishaondoka, lakini mimi nilisubiri miaka saba. Majibu niliyajua. Walimu wakaniona mzito, mwisho nami nikaamini.

Serikali iliporuhusu biashara za watu binafsi nikaja hapa Makambako kuuza vitambaa dukani kwa mama mmoja Mwislamu. Siku moja akasema, "Binti, tufundishe kusoma, mimi na wenzangu. Nimechoka kusomewa barua zangu na watu." Nilikubali kwa kuona haya kukataa. Wakaja saba, wakaketi uani. Niliandika ubaoni, nikashindwa kugeuka.

"Mwalimu, leo tunasoma mgongo?" mama akauliza.

Wakacheka. Nikaweka chaki chini, nikapanda gari la Njombe.

Baba aliponisikiliza akauliza, "Walikuja wangapi?"

"Saba."

"Na umewaacha wamekaa?"

Ndipo akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: alikuwa mwalimu. Alifundisha shule ya Waafrika, ya kuta za udongo. Watoto wa rangi zote walipounganishwa baada ya uhuru, shule yake ilifungwa. Wanafunzi wake wakapata madawati kule kwa wazungu. Yeye akaambiwa Kiingereza chake hakitoshi, akapewa kengele.

"Niliona wanafunzi wangu wakichekwa kila walipofungua mdomo," akasema. "Nikataka wewe usichekwe. Kumbe nimekuziba, mwanangu."

Ndugu zangu, nawaambia, nililia, lakini kifua kilikuwa chepesi. Sikuwa mjinga.

Kesho yake tulishuka wote Makambako. Baba alivaa koti lake la kanisani, akasimama mbele ya akina mama, akasalimu kwa Kibena, "Kamwene."

"Sisi watu wa pwani, mzee, lakini kamwene," mama akaitikia.

Alifundisha herufi tano. Kisha akanipa chaki, akaketi jamvini pamoja nao. Niligeuka, nikawatazama. Nikaonyesha herufi moja ubaoni, nikauliza inasomwaje. Baba akanyoosha kidole.

"Mwalimu," akaniita, "naomba nijibu."

Namshukuru mama yule, ambaye sasa anajisomea barua zake, na wenzake sita waliorudi baada ya kukimbiwa. Namshukuru baba, anayeshuka kufundisha kila Jumatano. Nanyi wazazi, mtoto akinyamaza darasani, msiharakishe kumwita mjinga. Muulizeni kwa upole ni nani aliyemfundisha kunyamaza.

Kama kati yenu yupo aliyesoma au kufundisha shule zile zilipounganishwa, naomba aniandikie, hata mistari miwili, ampe katibu. Nitamsomea baba. Anadhani yalimpata peke yake.