Dada Aliyesimamisha Dawa ya Kaka Yake

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, mimi ni kitinda mimba wa nyumba hii, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, mtafiti wa dawa, tunayemsindikiza leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1963, katika chumba kilichokuwa nyuma ya kibanda cha baba cha kushonea viatu, akiwa mtoto wa pili baada ya kaka yetu mkubwa, na tangu udogoni moyo wake haukutulia, maji yakishachemka alitaka yachemshwe tena, hata mama akawa anamwambia, mwanangu, wewe utazeeka kabla yangu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1970, akamaliza sekondari mwaka 1982, na baba alipofariki ni kaka aliyeacha masomo akarithi sindano na gundi ili dada asome, naye akasoma kweli, akahitimu shahada ya baiolojia ya molekuli mwaka 1986 na ya uzamivu mwaka 1994.

Mwaka 1995 aliajiriwa katika maabara ya utafiti wa dawa, chumba chenye madirisha yasiyofunguka na majokofu yanayonguruma kutwa, ambako yeye na wenzake walitengeneza chembe ndogo mno, unywele mmoja ni mnene kuzishinda mara elfu, za kubeba dawa hadi ndani ya ini linalougua bila kudhuru viungo vingine.

Tarehe 20 Juni 1998 alifunga ndoa na shemeji yetu, mtafiti wa saikolojia ya jamii, aliyefika maabara kuchunguza kwa nini watu hunyamaza mkutanoni, kila mmoja akidhani hofu ni yake peke yake, akaanza kwa kumhoji dada, na mahojiano yale, kama anavyotania mwenyewe, yaliendelea hadi wiki iliyopita, nao wakajaliwa binti mwaka 2000 na mvulana mwaka 2003.

Mwaka 2011 kaka aliugua ini, na madaktari, bila dada kutia mkono wake, wakamweka miongoni mwa wagonjwa wa kwanza watakaojaribiwa dawa ile, nyumba nzima tukafurahi, lakini siku zilipokaribia dada aliona chembe zilizotoka kutengenezwa zimeganda kwenye figo za panya wachache, wenzake wakasema ni bahati mbaya tu, naye hakuridhika.

Alimwambia mumewe, "Nikisema, kaka anakosa dawa. Nikinyamaza, huenda nikamuua kwa mkono wangu."

Shemeji akamjibu, "Siwezi kukuamulia, mke wangu, ila naapa si wewe peke yako unayeogopa mle ndani."

Basi katika mkutano wa kuidhinisha majaribio, zikiwa zimebaki saini tu, dada alisimama, akasema, "Jamani, mimi hizi chembe naziogopa," fundi wa darubini akainua mkono, akasema hata yeye anaziogopa, akafuata mkuu wa maabara mwenyewe, na majaribio yakasimamishwa.

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa kaka, akamweleza yote, kaka akauliza, "Kwa hiyo nisubiri?" na alipomwambia, "Subiri, kaka, nakuomba," akajibu, "Haya, nitajitahidi."

Alijitahidi hadi tarehe 3 Februari 2012, akatutoka, na mazikoni mjane wake, wifi yetu, alisema mbele za watu kwamba dawa ilikuwepo, dada mtu akaifungia kabatini, na tangu hapo wifi hakukanyaga kwa dada, wala dada hakujitetea, hata baadaye uchunguzi ulipoonyesha kuwa ngozi ya chembe zile ilikuwa ikipasuka na kuharibu figo, alisema tu, "Kumbe nilikuwa sahihi, lakini kaka harudi."

Kasoro ilirekebishwa, na mwaka 2016 mgonjwa wa kwanza alipochomwa sindano dada alikaa kwenye korido ameukumbatia mkoba kama mtu anayetaka kukimbia, hadi yule bwana alipotoka kwa miguu yake akiuliza chai inapatikana wapi, ndipo akaegemea ukuta, akacheka huku machozi yakimtoka.

Mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, ugonjwa ambao chembe zake hazikuuweza, na asubuhi moja wifi alibisha hodi na furushi la nguo, akasema, "Nimekuja kukuuguza, usinifukuze," akamwogesha, akamlisha, na siku moja akimpaka mafuta miguuni akamwuliza lile lililomkaa rohoni, kama dawa ile ingemponya mumewe.

Dada akasema, "Sijui, wifi yangu. Kila siku najiuliza, na sijui."

Wifi akaendelea kumpaka mafuta, akasema, "Basi tusijue wote wawili."

Dada alifariki tarehe 17 Novemba 2023, asubuhi, kichwa chake kikiwa mapajani mwa wifi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia na kulala nasi, wafanyakazi wenzake wa maabara, hasa fundi wa darubini aliyeinua mkono siku ile, na wewe, wifi yetu, hatuna cha kukulipa.

Dada, hofu ulizibeba nyingi kwa ajili yetu. Sasa zitue, upumzike kwa amani.