Chama cha Mawe na Bweni la Ziba

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi uliyekula vumbi lote la kutoka Igunga ili kutuheshimu. Baba Paroko, Mchungaji na Sheikh wetu, mliokalishwa kochi moja na bado mnatabasamu. Daktari Revocatus, Mwenyekiti wetu tunayekuaga leo. Wanachama wa Chama cha Wanajiolojia wa Unyanyembe. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe Mwalimu Julieth, mkuu wa shule kutoka Ziba, ambaye waandaaji wamekuweka jirani na spika kubwa ili usisikie vizuri: nawasalimu nyote. Walionizidi umri, shikamooni. Waliobaki, marahaba.

Mimi ni Tufaha binti Murtadha, mzaliwa wa hapa hapa Tabora mjini, mwanajiolojia ambaye magoti yalistaafu kabla yake. Nimepangiwa kueleza historia na madhumuni ya chama, kisha nimsifu Mwenyekiti, kisha nikae. Katibu wetu Mathias amenionya nisirefushe maana pilau inapoa. Mathias mwanangu, tulia, pilau haijawahi kumkimbia mtu.

Kila mwaka katika sherehe hii mnaambiwa kwamba Tabora ni njia panda ya misafara ya kale, ile ya kutoka Ujiji kwenda pwani, na kwamba sisi wanajiolojia ni warithi wa wapagazi wale. Mh! Wapagazi gani? Mpagazi alitembea. Ninyi mnashuka kwenye gari, mnapiga picha mmeegemea mwamba, mnarudi kwenye kiyoyozi. Kama kuna mtu wa msafara tuliyemrithi, basi ni yule bwana mkubwa aliyebebwa kwenye machela.

Chama hiki kilizaliwa kwa hasira. Kule Ipole, wanakijiji waliletewa mtaalamu wa kuwaonyesha pa kuchimba kisima. Mtaalamu akashusha kioo cha gari, akanyoosha kidole, akasema, "Pale," akapandisha kioo. Wakachimba, pakavu. Akaja tena, akanyoosha kidole upande wa pili. Pakavu. Mama mmoja mfuga nyuki, Apolinaria, akatugeukia sisi vijana tuliokuwa ndiyo tunaanza kazi, akatuuliza, "Hivi ninyi wasomi, ardhi mnaiogopa?" Wallahi tuliona aibu. Tukakutana nyumbani kwa baba yangu, tukanywa kahawa kwa kashata, tukaapa kwamba mwanachama wetu hataandika neno juu ya ardhi ambayo hajaikanyaga. Hilo ndilo lilikuwa dhumuni la chama, na halikuwa na mwenzake. Haya mambo ya kuratibu wadau na kujengeana uwezo mmeyaongeza baadaye, na mpaka leo sijakutana na mdau aliyeratibika.

Na ili kiapo kisibaki mdomoni, tukaweka desturi ya shimo. Anayetaka uanachama anachimba shimo mwenyewe, kwa jembe na sururu, mbele ya wanakijiji, anaingia ndani, na akiwa humo anaeleza anachokiona kuanzia mizizi ya majani mpaka pale anapokanyaga. Wanakijiji wanauliza maswali. Wakiridhika, wanampa mkono atoke. Wasiporidhika, anaendelea kuchimba.

Mwenyekiti wetu huyu alichimba la kwake Ipuli, siku hizo Ipuli bado mashamba. Alikuja na tai! Alichimba mpaka kichwa kikazama, na bibi mmoja akachungulia akamuuliza, "We mtoto, unatafuta nini huko?" Akajibu, "Natafuta udongo unapoishia, bibi." Tulicheka mpaka tukakaa chini. Tukamvuta kwa kamba, tai yote tope, meno nje. Nilimfundisha kazi mimi, na siku ile nilijisemea, alhamdulillahi, tumepata mtu. Nilimpenda kijana yule, na nasema hivyo mbele yenu bila kuona haya.

Desturi hiyo ipo hadi leo, msije mkasema Bi Tufaha anazua. Mwaka jana tulipokea wanachama wapya kwenye bustani ya hoteli. Shimo walilichimba vibarua, kina chake magotini, likatandikwa zulia. Wanachama wakaingia mmoja mmoja na viatu vyao vya kung'aa, wakapigwa picha, na mhudumu wa hoteli akawapa mkono kutoka. Udongo wa mle ndani ulikuwa wa maua, umeletwa na lori. Hakuna aliyeuliza umetoka wapi.

Sasa nimsifu Mwenyekiti, nisije nikanyimwa pilau. Daktari, chini yako chama kimepata sare ya kitenge, kimepata wimbo, kimepata gari lenye nembo ya nyundo mlangoni. Umehudhuria semina Arusha, Dodoma na Zanzibar, na kote huko umezungumzia ardhi kwa ufasaha mkubwa. Nani mwingine angeweza kuongoza wanajiolojia miaka yote hiyo na soksi zake zikabaki nyeupe? Mpigieni makofi. Pigeni, pigeni, anastahili.

Basi shule ya Mwalimu Julieth ikapata mfadhili wa bweni la wasichana, na ikaja kwetu kuuliza kama ardhi inafaa. Mwenyekiti akafungua ramani. Kwenye ramani zetu, ndugu wageni, eneo lile limepakwa rangi ya waridi, na waridi maana yake ni granaiti, mwamba wa kubeba hata kanisa kuu. Akaandika kwamba ardhi ni imara, jengeni. Na mwamba upo, sikatai! Uko chini kabisa. Ila ramani za kijiolojia huchora mwamba kana kwamba udongo wa juu umefagiliwa, kwa sababu sisi watu wa mawe tuna kiburi, udongo tunawaachia mabwana shamba. Na juu ya mwamba ule kuna mbuga, udongo mweusi ambao kila mchunga ng'ombe wa Ziba anaujua: masika unavimba, kiangazi unapasuka mpaka unaingiza mkono. Msingi wa bweni uliishia humo humo kwenye weusi. Jengo halijamaliza mwaka, na ukuta umepasuka kutoka dirishani hadi kwenye kenchi.

Mwalimu Julieth akakataa kuwalaza watoto wa watu humo. Je, sisi tulimtetea? Thubutu! Tulimjibu kwamba nyufa ni za lipu tu, si za ukuta wenyewe. Kwa jibu hilo letu anaitwa mkaidi, anaambiwa anakwamisha maendeleo, na ameshaonywa kwamba wasichana wasipoingia Jumatatu, ukuu wa shule hana tena. Nilimfuata Ziba wiki iliyopita. Akaniambia, "Bi Tufaha, mimi nafundisha Kiswahili, mawe siyajui. Lakini mlango niliokuwa naufunga kwa kidole, sasa naupiga teke na haufungi. Lipu inafanya hivyo?" Nikamwambia haifanyi, mwanangu. Nikaomba sururu. Wanafunzi walinipokea nilipochoka, tukafika kifuani, na weusi haukuisha.

Nikampigia Mwenyekiti simu. Mnajua alinijibu nini? "Bi Tufaha, ngoja kwanza niagwe. Tukisema sasa tutakichafua chama." Tutakichafua! Chama cha wachimba mashimo leo kinaogopa uchafu! Nilikata simu nikalia, na mimi si mtu wa kulia ovyo. Inaniuma kwa sababu anajua. Angekuwa mjinga ningemsamehe.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Ziba iko wilayani kwako, na najua upo kwenye mtihani. Hapa bibi kizee mwenye sururu, pale daktari mwenye ramani, umwamini nani? Nimekurahisishia. Wenzangu wamemletea Mwenyekiti mbuzi, asali na saa ya ukutani. Zawadi yangu mimi ni malazi. Nimemwomba Mwalimu Julieth atandike kitanda kimoja ndani ya bweni lile, ubavuni mwa ule ukuta, shuka mpya, chandarua kipya. Mvua zimeshaanza, mnazisikia wenyewe juu ya bati. Mwenyekiti atalala pale kuanzia leo hadi Jumatatu, na akiamka salama wasichana watamfuata. Si ni lipu tu?

Revocatus, mwanangu, gari liko nje. Utakwenda kulala?

Jamani msicheke, mwacheni afikiri.

Anatikisa kichwa. Hapana baba, kichwa hakisikiki huko nyuma, na Mheshimiwa hawezi kuamuru kwa kutumia kichwa chako. Mathias, mpe kipaza sauti. Simama, tamka. Wasichana wale walale humo au wasilale?

Haya. Kwa ambao hamkusikia kwa sababu ya mvua, Mwenyekiti wa wanajiolojia amesema, "Wasilale." Mlionisikiliza mimi nawashukuru, na mliomsikiliza yeye nawashukuru zaidi.