Pindo na Programu Tatu

Benchi letu lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali, nalo liko pembeni mwa barabara, katikati ya kinyozi na chumba cha fundi mapazia. Kahawa ni yangu. Wananiita Shangazi, hata wale walionizidi umri, nami nimeacha kubishana nao, maana mtu akishakuita shangazi huona haya kwenda kunywa kahawa ya mwingine. Upande mmoja hukaa Wembe, kinyozi, ambaye akikosa kichwa cha kunyoa hutafuta cha kuchosha. Upande wa pili ni Soli, fundi viatu, anayeshona huku anabisha, na sijawahi kumwona akijichoma sindano. Siku hiyo katikati yao alikaa mteja wa Soli, mwanamume tusiyemjua, mguu mmoja una kiatu na mwingine una soksi, anasubiri. Saa tisa na dakika chache akatoka Pindo, fundi mapazia wetu, tepu ya kupimia shingoni na simu mkononi. Akaketi bila kusalimia. Pindo asiposalimia, ujue kuna jambo.

Pindo: Jamani, nisaidieni. Nimebakiwa na saa moja.

Soli: Unasafiri?

Pindo: Nisafiri niende wapi? Saa kumi anapiga simu yule mwenye karakana ya samani. Anataka nikamshonee mapazia kwake, mshahara laki nne kila mwezi. Nikikubali, leo hii nafunga chumba changu. Nikikataa, kuna fundi mwingine anaisubiri hiyo nafasi.

Wembe: Laki nne! Sasa wewe unasubiri nini?

Pindo: Nasubiri kujua kama hapa napata zaidi ya hizo au pungufu. Mwaka wa nane huu nashona, sijui. Nimeambiwa nitafute programu ya hesabu kwenye simu. Nimepata tatu. Nichague ipi?

Hapa lazima niwaeleze hesabu za Pindo zilivyokuwa. Kuna mteja alikataa pazia lake la kijani, akidai kijani alichokitaka ni kile alichokiona ndotoni. Pindo akalitundika ukutani, pande zote mbili. Upande wa kulia akawa anabana kwa pini karatasi za pesa iliyoingia, wa kushoto za iliyotoka. Lilikuwa pazia zuri la hesabu, mpaka upepo uvume pande zikutane.

Wembe: Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Soli: Ndiyo maana mimi nimeacha kuwa na mali. Daftari nitaliandika nini?

Mimi: Kwani wewe hesabu zako unaweka wapi?

Soli: Chini ya kiatu, Shangazi. Naandika bei kwa chaki kwenye soli. Jina la mteja, kazi, bei. Kila kiatu kina hesabu yake.

Mimi: Na akishakivaa akaondoka?

Soli: Inafutika. Hesabu iliyokwisha utaiweka ya nini?

Yule mgeni wa soksi akainama kutazama kiatu chake mkononi mwa Soli. Akakuta ameandikwa “Mrefu, kisigino”.

Pindo: Sikilizeni basi. Ya kwanza ni ya bure. Ina sehemu mbili tu, iliyoingia na iliyotoka. Lakini ina matangazo. Jana naandika uzi, inanishauri ninunue godoro.

Wembe: Hiyo usiiguse! Rahisi ni ghali. Kitu cha bure kinakula wapi? Kinakula kwako. Utaandika mteja wako, kesho fundi wa mtaa wa pili anajua dirisha la mteja huyo lina upana gani.

Soli: Sasa akijua upana itamsaidia nini?

Wembe: Atakuja na pazia limeshakatwa! Wewe unapanda ngazi kupima, mwenzako anatundika.

Pindo: Ya pili unalipia kila mwezi. Inatoa ankara nzuri, ina mpaka nembo ya mkasi.

Soli: Hiyo ndiyo. Ya kulipia ndani yake kuna mhasibu wa kweli. Ukilipia pesa ndogo, mhasibu mdogo. Ukilipia nyingi, mhasibu mwenye miwani.

Wembe: Kila mwezi? Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Soli: Si ndiyo nasema! Mwache achovye.

Nikawamiminia tena, maana nilijua tuendako. Wembe alikuwa ameshakaza shingo. Wembe akikaza shingo anataka kusimulia jambo lililomkuta yeye, lakini atalisimulia kama ushauri.

Wembe: Chukua ya tatu. Ile ya makampuni. Ninayo mimi.

Pindo: Wembe, mimi niko peke yangu.

Wembe: Na mimi niko na nani? Lakini biashara lazima iwe na nidhamu. Iliniuliza karani ni nani, nikaandika jina langu. Ikauliza meneja, nikaandika jina langu. Sasa karani hawezi kununua kitu mpaka meneja aidhinishe. Huwezi kuibiwa!

Soli: Nani atakuibia, na hapo upo wewe na kioo?

Mimi: Wembe, mbona wiki ya pili hii unanyoa kwa mkasi tu? Mashine iko wapi?

Akatazama kikombe.

Wembe: Mashine imekufa meno. Karani ameomba kununua mapya.

Mimi: Halafu?

Wembe: Ombi linasubiri idhini ya meneja.

Soli: Meneja si wewe?

Wembe: Ni mimi, lakini hapatikani. Namba yake ya siri nimeisahau.

Pindo: Mfute, uandike meneja mwingine.

Wembe: Anayeweza kumfuta ni mkurugenzi.

Mimi: Na mkurugenzi ni nani?

Wembe: Nilimwandika mke wangu.

Soli: Basi kazi imekwisha! Mwambie mkeo abonyeze.

Wembe: Nimemwambia. Anasema kwanza aletewe hesabu za mwaka mzima.

Soli alicheka mpaka kiatu cha mgeni kikamponyoka. Mimi nilijifunika khanga usoni. Pindo naye alitabasamu kidogo, halafu akatazama saa kwenye simu, tabasamu likaondoka. Ilikuwa saa tisa na nusu. Nilimwonea huruma. Kile chumba alikianza na cherehani ya kuazima, na meza alinunua mbao moja moja.

Mimi: Waacheni hao, mwanangu. Hiyo ya bure si umeijaribu? Imekwambia nini?

Pindo: Nimeingiza mwezi uliopita wote. Nimebandua kila karatasi kwenye pazia. Vitambaa, bitana, uzi, mikanda ya kukunjia, kodi ya chumba, umeme, nauli za kwenda kupima. Nimetoa kila kitu.

Mimi: Ikabaki?

Pindo: Laki tano na nusu.

Wembe: Laki tano na nusu! Na anataka kukupa nne! Mtu huyo ana adabu kweli?

Soli: Lakini angalia, usiizoeshe programu kuandika matumizi mengi. Samaki mkunje angali mbichi. Programu hizi zinajifunza tabia. Ukiiandikia hasara miezi mitatu, inazoea hasara, mwezi wa nne inakuletea yenyewe.

Wembe: Kweli kabisa. Binamu yangu aliandika hasara ya utani tu. Mpaka leo hajainuka.

Mimi: Binamu yako hajainuka kwa sababu analala mpaka saa sita mchana.

Soli: Mimi nasema aandike faida tupu mpaka izoee. Halafu airuhusu ione simu yote, picha, namba, mahali alipo. Mficha uchi hazai!

Wembe: Tupige kura. Nani anasema Pindo abaki?

Wembe akanyoosha mkono. Soli akanyoosha mkono wenye sindano. Mimi nikainua birika. Pindo alikuwa ameanza kupumua vizuri, unaona kabisa mabega yanashuka. Tano na nusu ni nyingi kuliko nne; hilo hata mtoto wa chekechea analijua.

Soli: Na wewe, bwana wa soksi? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kura yako iko wapi?

Yule mgeni aliweka kikombe chini taratibu. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu asiyependa kuingilia.

Mgeni: Mimi sijui programu. Nilitaka kumuuliza dada tu. Hiyo laki tano na nusu ni ya saa ngapi?

Pindo: Ni ya mwezi.

Mgeni: Ya mwezi, nimesikia. Namaanisha, mwezi huo ulifanya kazi saa ngapi kuipata?

Soli akasita kuvuta uzi. Pindo akaishika simu, akapekua kwenye iliyoingia, akapekua kwenye iliyotoka. Akafungua ya pili, ile yenye nembo ya mkasi. Akamtazama Wembe kumuuliza kama ya makampuni ina kitu hicho, na Wembe akatikisa kichwa.

Pindo: Sijui.

Mgeni: Kama siku ya kawaida, unaanza saa ngapi?

Pindo: Alfajiri, kabla jua halijapanda. Chumba kinakuwa na joto baadaye.

Mgeni: Unatoka saa ngapi?

Pindo: Nikimaliza.

Mgeni: Jumapili?

Pindo alizihesabu mwenyewe kwa vidole, Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila aliyoifikia alitikisa kichwa.

Pindo: Ninaishi na mama yangu. Asubuhi namwacha amelala, nikirudi namkuta amelala. Ananifunikia sahani. Mwezi huu mzima mimi na mama tunajuana kwa sahani. Hiyo nimeiandika wapi?

Nami nilijiuliza birika langu nalibandika jikoni saa ngapi na kuliosha saa ngapi, nikaona aibu, maana mimi ndiye niliyemwita mwanangu na sikuwahi kumuuliza.

Wembe: Wewe bwana, kumbe ni mhasibu?

Mgeni: Hapana. Mimi ni mlinzi. Kwetu hakuna kingine cha kuhesabu ila saa.

Simu ikalia. Saa kumi kamili. Mwenye karakana alikuwa mtu wa wakati. Pindo akaiweka spika, akailaza mapajani. Wote tukainama.

– Dada, saa kumi hiyo. Unakuja au huji?

– Mzee, kabla sijakujibu. Kwako kazi inaanza saa ngapi?

– Saa mbili kamili. Ukichelewa dakika kumi, unakatwa.

– Na tunatoka saa ngapi?

Zilisikika cherehani tu zikikimbia kule nyuma yake, nyingi.

– Inategemea oda.

– Na Jumapili?

– Nayo inategemea oda. Si unaijua kazi yetu, dada?

– Naijua, mzee. Hata kwangu ilikuwa inategemea oda. Lakini kwangu anayepokea oda ni mimi, na nikisema hapana inakuwa hapana. Mpe nafasi yule mwenzangu. Nakushukuru kwa kunikumbuka.

Akakata. Soli akampa mgeni kiatu chake. Mgeni akakivaa, akakikanyaga mara mbili, akalipa, akasema kwaherini. Hatukumuuliza hata jina.

Wembe: Sasa programu unachukua ipi?

Pindo: Ya bure. Matangazo ya godoro nitayavumilia. Ina iliyoingia na iliyotoka, inanitosha. Saa nitaandika mwenyewe kwenye daftari, kila nikifungua na kila nikifunga.

Wembe: Laki tano na nusu itapungua.

Pindo: Ipungue. Nataka nijue nauza nini.

Akaondoka na tepu yake shingoni. Sisi tukabaki tunabishana kama mkurugenzi anaweza kufukuzwa kazi na karani aliyemuoa, na jambo hilo halijaisha mpaka leo.

Saa kumi na mbili tukasikia mlango wa bati unashushwa. Tukasimama wote watatu. Miaka minane hatujausikia mlango ule ukifungwa na jua lipo. Soli alidhani kuna msiba, akavua kofia.

Mimi: Pindo, kuna nini?

Pindo: Hakuna kitu, Shangazi. Nakwenda kumkuta mama yuko macho.