Ufunguo Shingoni mwa Chiriku

MAMA MDOGO: Haloo. Nani mwenzangu?

FUNDI: Ni mimi, Mama Mdogo. Fundi.

MAMA MDOGO: Fundi yupi? Ongeza sauti, huku ngoma zimeanza.

FUNDI: Fundi cherehani. Mke wa shemeji yako.

MAMA MDOGO: Aa. Habari za siku.

FUNDI: Nzuri tu. Nisamehe kukupigia katikati ya—

MAMA MDOGO: Niko ukumbini, mchezo ndio umeanza. Shemeji aliniomba nikushikie kiti, nimekiwekea mkoba, kila anayepita anataka kukikalia. Uko wapi wewe?

FUNDI: Hapa hapa shuleni. Kwenye stoo ya mavazi, nyuma ya jukwaa. Mlango umegoma.

MAMA MDOGO: Umegoma vipi?

FUNDI: Haufunguki.

MAMA MDOGO: Si uite watu.

FUNDI: Na ngoma hizo nani atanisikia? Nimempigia baba yake Chiriku, yuko njiani na lori, hapatikani. Mwalimu amezima simu. Nikabaki na namba yako.

MAMA MDOGO: Kumbe unayo.

FUNDI: Tangu harusi.

MAMA MDOGO: Hujawahi kuipiga hata siku moja.

FUNDI: Ndiyo naipiga leo.

(mkwaruzo)

MAMA MDOGO: Basi ngoja nije.

FUNDI: Usinyanyuke kwanza. Njia ya huku inapita mbele ya jukwaa, utakatiza mchezo wao.

MAMA MDOGO: Sasa utakaa humo? Kuna dirisha?

FUNDI: Hakuna. Kuna vitundu tu juu, karibu na dari. Taa imeungua, namulika kwa simu. Nimekalia mapazia, na zimwi limeegemea ukuta linanitazama. Kichwa chake nilikijaza pamba mwenyewe, sasa vumbi la pamba hiyo ndilo linanipalia. Gauni limenigandia mgongoni.

MAMA MDOGO: Huo mlango ulijifunga wenyewe?

FUNDI: Upepo, nafikiri.

MAMA MDOGO: Stoo haina dirisha, upepo umetokea wapi?

FUNDI: Mama Mdogo—

MAMA MDOGO: Nauliza tu.

FUNDI: Kitasa ni kibovu.

MAMA MDOGO: Haya, kibovu. Subiri, Chiriku anaingia. Mtoto huyu, tazama anavyotembea, marehemu dada yangu mtupu. Na hayo matambara... Hilo si lile gauni la njano? Shemeji alinitumia picha ya Chiriku amelivaa.

FUNDI: Ndilo.

MAMA MDOGO: Mbona mmelichana?

FUNDI: Alinijia nalo mkononi, na mkasi juu yake. Akasema mwalimu anataka matambara ya yatima, na nguo nyingine hakuna. Nililishona wiki nzima lile. Nikalichana, yeye amesimama ananiangalia. Nilipoleta mavazi hapa nikakuta matambara ya shule yamejaa kapu.

MAMA MDOGO: Ukamwambia nini?

FUNDI: Nikamwambia la njano linaonekana vizuri zaidi jukwaani.

MAMA MDOGO: Na huo ufunguo ni wa nini? Kwenye hadithi hakuna ufunguo.

FUNDI: Ufunguo gani?

MAMA MDOGO: Kavaa shingoni. Ufunguo mkubwa, kautundika kwa kamba ya kiatu, unamgonga kifuani kila akipiga hatua.

(kimya kirefu)

MAMA MDOGO: Haloo? Mtandao huu nao. Fundi?

FUNDI: Nipo.

MAMA MDOGO: Si wewe uliyemvalisha?

FUNDI: Ufunguo sikumvalisha.

MAMA MDOGO: Fundi. Nani kakufungia humo?

FUNDI: Nimekwambia kitasa.

MAMA MDOGO: Fundi.

FUNDI: Aliniambia upindo wake umeachia, nimsubiri humu, anakwenda kuleta pini. Nikasikia ufunguo unazunguka. Nikamwita. Nikasikia viatu vinakimbia. Basi.

MAMA MDOGO: Namwita mwalimu sasa hivi.

FUNDI: Usimwite.

MAMA MDOGO: Mtoto amemfungia mtu mzima, wewe unasema nisi—

FUNDI: Nisikilize. Ukimwita mwalimu, mchezo utasimama na watamvua huo ufunguo mbele ya wazazi wote. Kesho darasani ataitwaje? Mimi jina la mama wa kambo ninalo tayari. Yeye hana, mwache asiwe nalo.

MAMA MDOGO: Na wewe je? Utaiva humo.

FUNDI: Nitavumilia. Niambie, wamefika wapi?

MAMA MDOGO: Yatima katumwa maji na ndoo iliyotoboka. Anaziba kwa udongo. Watu wamenyamaza kabisa.

FUNDI: Mwalimu aliwaambia watoto kila mmoja alete hadithi ya kwao, waichague moja. Wakachagua ya Chiriku. Nilipomuuliza kaipata wapi, akasema kwa Mama Mdogo.

MAMA MDOGO: Ni ya mama yetu hiyo. Alikuwa akitusimulia mimi na marehemu dada, tumelala kitanda kimoja.

FUNDI: Na wewe ulimsimulia lini?

MAMA MDOGO: Alipokuja kwangu likizo.

FUNDI: Likizo ipi?

MAMA MDOGO: Ile mliyooana.

FUNDI: Ile hadithi yenye uji wa sumu.

MAMA MDOGO: Uji upo, ndiyo. Upo katika hadithi zote za namna hiyo.

FUNDI: Aliporudi kutoka kwako, kila mlo tonge la kwanza likawa la paka. Anampa, anakaa anamtazama. Akiona paka hajafa, naye anakula. Paka wetu sasa amenenepa mpaka hapiti dirishani.

MAMA MDOGO: (anacheka, anajizuia) Samahani.

FUNDI: Cheka tu, hata mimi nilicheka. Halafu nikaingia bafuni, nikajifungia mpaka baba yake akaja kubisha.

(mkwaruzo, ngoma kwa mbali)

MAMA MDOGO: Ni hadithi za kulalia tu, Fundi. Sote tumekua nazo.

FUNDI: Ulipokuwa ukizisikiliza, ulijiona nani?

MAMA MDOGO: Yatima. Nani mwingine? Kila mtoto hujiona yatima.

FUNDI: Hata mimi. Utoto wangu wote nilikuwa yatima, na mama yangu yupo jikoni ananipikia. Nimeolewa, naingia nyumba ya watu, nakuta nafasi iliyobaki ni moja. Nikimpa nyama nono, nina njama. Nikimkaripia, namtesa. Nikinyamaza, ninapanga. Jirani anamwita mlangoni kumuuliza kama amekula, nami nipo hapo na mwiko mkononi. Akiwasha televisheni, katuni ni hiyo hiyo, mwanamke ni huyo huyo, wamembadilisha nguo tu. Na safari hii hata nguo nimemshonea mimi.

MAMA MDOGO: Fundi, mimi sikumwambia ni wewe.

FUNDI: Haikuhitajika umwambie.

MAMA MDOGO: Ungenipigia.

FUNDI: Nikwambie nini? Kwamba mtoto wa marehemu dada yako ananiogopa? Ungesema nini siku ile?

MAMA MDOGO: Ningekuja kumchukua.

FUNDI: Ndiyo maana.

MAMA MDOGO: Subiri. Wamefika kule mwisho, kwenye kufukuzwa. Huyu mtoto msimuliaji kashuka mpaka kwa watu. Anawauliza watazamaji, mama wa kambo yuko wapi? Eti watoto wamsaidie kumtafuta.

FUNDI: Naujua mwisho huo.

MAMA MDOGO: Mbona wanageuka huku? Watoto wote wa mbele wamegeuka. Wanaangalia safu yetu. Wanaangalia hiki kiti chako.

FUNDI: (kwa sauti ya chini) Siku ya mazoezi nilikuwa nimesimama mlangoni na mfuko wa mavazi. Msimuliaji akauliza hivyo hivyo. Watoto wote wakaninyooshea vidole. Mwalimu akacheka, akasema leo tumempata wa kweli. Nikacheka nao, ningefanyaje? Wakakubaliana siku ya wazazi wafanye tena.

MAMA MDOGO: Na Chiriku?

FUNDI: Alikuwa jukwaani. Hakusema kitu. Hata njiani tukirudi hakusema kitu, na yule mtoto hajui kunyamaza.

MAMA MDOGO: Sasa wote wanamtazama yeye. Zamu yake.

FUNDI: Maneno yake ni "Yule pale." Halafu ananyoosha mkono. Nilimsikiliza jikoni mpaka akayashika.

MAMA MDOGO: Hasemi.

FUNDI: Kasahau?

MAMA MDOGO: Hapana. Mwalimu anamnong'oneza kutoka pembeni, naona midomo yake, yule pale, yule pale. Mtoto anatikisa kichwa. Ameushika huo ufunguo kwa mikono miwili. (kimya) Kasema.

FUNDI: Kasema nini?

MAMA MDOGO: "Hayupo. Hakuja." Wenzake wanaguna, kuna mmoja anasema alimwona getini. Chiriku anasema tena, "Nimesema hakuja. Hadithi imeisha." Kageuka, anatoka jukwaani. Pazia halijafungwa, wale wengine wamebaki wanatazamana.

MAMA MDOGO: Fundi? Uko hapo?

FUNDI: Nipo.

MAMA MDOGO: Umesikia?

FUNDI: Nimesikia. Nilikuwa nimeshaamua, Mama Mdogo. Baba yake akirudi na lori, nimwambie nakwenda kwetu. Mfuko nimeshaufunga, uko chini ya cherehani.

MAMA MDOGO: Usiniambie mimi hayo.

FUNDI: Nimwambie nani? Nasikia viatu.

MAMA MDOGO: Ndiye?

FUNDI: Ndiye. Hafungui. Anahema hapo mlangoni. (kimya) Anauliza kama nimelia.

MAMA MDOGO: Umemjibuje?

FUNDI: Nimemwambia ni joto. Anasema nisitoke, wenzake wameshuka, wamejaa kwenye korido, wananitafuta. Ningoje waende nyumbani.

MAMA MDOGO: Nakuja kuwafukuza hao.

FUNDI: Utawafukuza mpaka lini? Keshokutwa wanacheza tena, kwa shule za jirani. (mkwaruzo) Ufunguo unazunguka.

MAMA MDOGO: Kafungua?

FUNDI: Ameingia. (kimya) Amefunga tena.

MAMA MDOGO: Amefunga tena? Yeye yuko upande gani?

FUNDI: Huku ndani. Amekaa juu ya mapazia. Jasho tupu, na nje wanagonga.

MAMA MDOGO: Nasikia wanavyogonga. Fundi, ile hadithi, mimi nilipomsimulia—

FUNDI: Salio linakwisha, Mama Mdogo. Njoo na maji ya kunywa. Ukifika taja jina lako kwanza, ugonge taratibu.

MAMA MDOGO: Atanifungulia?

FUNDI: Sijui. Ufunguo anao yeye.

MAMA MDOGO: Mwambie basi ni mimi, mwambie nime— Haloo? Fundi? Haloo?